Mwaka Tuliosomesha Barazani

Binti yangu alianguka kutoka kwenye mzambarau Jumamosi moja asubuhi, akiwa anamalizia darasa la tatu. Tulipomfikia, midomo yake ilikuwa ya zambarau na gauni lake lote limelowa rangi, nasi tukadhani ni damu. Damu haikuwepo hata tone. Kilichovunjika kilikuwa ndani: mfupa wa paja, na mguu ulikuwa umegeukia upande ambao mguu wa mtu haugeukii.

Alipasuliwa, akawekewa chuma. Baada ya wiki kadhaa picha ilionyesha mfupa haukuunga sawasawa, akapasuliwa tena. Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alituita mimi na mume wangu chumbani kwake.

"Asikanyage kwa mguu huu mpaka niseme mimi," alisema. "Hesabuni mwaka."

Mwaka! Nilikwenda shuleni kumweleza mwalimu mkuu. Darasa la nne liko ghorofani, na vyoo ni vya kuchuchumaa. Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, nikimpokea hivyo nitamuumiza. Msomeshe nyumbani. Jina lake nitalitunza, na upimaji wa darasa la nne ataufanya na watakaokuja nyuma yake."

"Mwalimu, mimi ni fundi cherehani. Nimeishia kidato cha pili."

"Sijakwambia uwe mwalimu. Mtafutie vitu vizuri vya kusoma, ukae karibu naye. Ukikwama, njoo."

Nilitoka pale nikijiona nimebebeshwa gunia. Vitu vizuri vya kusoma ndivyo vipi? Mimi nyumbani kwangu, mtaa wa Mabawa, nilikuwa na vitambaa, vifungo, katalogi za mitindo na msahafu. Mume wangu ni fundi wa majokofu, wiki nyingi yuko Pangani kwenye mahoteli, na vitabu vyake ni vya michoro ya umeme.

Nilifanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Nilikwenda duka la vifaa vya shule mjini nikanunua vile vijitabu vya maswali na majibu, kila somo kimoja, vyenye karatasi nyembamba na jalada la rangi kali. Kila asubuhi nilimwegemeza binti yangu kwa mito, nikampa kalamu, nikarudi kwenye cherehani. Mchana nilisahihisha kwa kutazama majibu nyuma ya kijitabu. Wiki ya kwanza alipata kumi na nane kwa ishirini. Wiki ya pili kumi na mbili. Wiki ya tatu akaniambia vijitabu vimepotea.

Nilivikuta siku ya kubadilisha shuka. Vilikuwa chini ya godoro, vyote, vimekunjika.

Nilimgombeza. Nilisema maneno ya watu wazima, kwamba wenzake wanasonga mbele, kwamba mguu ndio uliovunjika na si kichwa. Alinisikiliza huku akitazama dari. Nilipomaliza akasema, bila jeuri yoyote:

"Mama, hiki kitabu kinaniuliza tu. Hakiniambii kitu."

Nilikwenda nacho barazani kwa hasira ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Taja faida tano za misitu. Taja madhara manne ya ukataji miti. Taja. Taja. Mimi mtu mzima, mwenye akili zangu, sikutaka kufungua ukurasa wa pili.

Upande wa pili wa ua wetu amepanga mama mmoja kutoka Lushoto, Mlutheri, anayeuza karoti na kabichi sokoni. Yeye naye ana binti, mkubwa kwa wangu kwa mwaka mmoja, mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mtoto yule akiwa mzima huwezi kumkamata; maumivu yakimwanza hulala siku nne, tano, wiki. Shuleni alikuwa akihudhuria nusu ya siku, na kila akirudi alikuta somo limeshampita. Mwisho mama yake alikwenda kuzungumza na mwalimu wake kama nilivyozungumza mimi na wangu.

Jioni moja alikuja kunipa sketi nimbadilishie zipu. Aliona vile vijitabu vilivyokunjamana juu ya meza ya cherehani, akaona na uso wangu. Nilimweleza yote. Alicheka, kisha akasema:

"Jirani, wako yuko ndani na wangu yuko ndani. Kwa nini wawe ndani ya nyumba mbili?"

Kesho yake tulitandika mkeka barazani kwetu. Asubuhi yeye yuko sokoni, kwa hiyo asubuhi ilikuwa yangu, na cherehani yangu nikaisogeza nje. Alasiri ilikuwa yake. Wanafunzi wawili, walimu wawili wasio walimu, na swali lilelile: tuwasomeshe nini?

Habari za barazani zilisambaa, na watu wenye nia njema wakaanza kutusaidia. Kwanza lilikuja sanduku kutoka kwa familia moja ya usharika wa jirani yangu. Walikuwa wakihama mji, nao waliwasomesha watoto wao nyumbani miaka yote. Vitabu vilikuwa vizuri kupita vyote nilivyowahi kushika, vyenye karatasi nene na picha za wanyama wa baharini ambazo ungedhani zimelowa maji. Binti yangu alikaa na ukurasa wa pweza robo saa nzima. Lakini kila sura ya vitabu vile iliishia kwenye aya ya Biblia ya kukariri, na maswali yake yaliuliza pweza anatufundisha nini kuhusu wokovu.

Haikupita wiki mbili, shangazi wa mume wangu aliyeko Pemba akatuma furushi kwa boti. Navyo vilikuwa vizuri, vimetunzwa kwa jalada la nailoni. Mle hesabu za kujumlisha zilikuwa za minara ya misikiti na rakaa, na somo la maji lilianza na udhu likaishia na udhu.

Tulikaa mimi na jirani yangu na sanduku huku, furushi huku. Tulikuwa tunaona haya kutazamana.

"Nikilifungua hili langu," alisema, "nitamwambia nini mumeo?"

"Na mimi nikilifungua furushi, nitakwambia nini wewe?"

Tulijaribu kwanza kuruka. Nilifunika aya kwa karatasi, yeye akaruka kurasa za udhu. Lakini watoto wana macho. Binti yake aliinua karatasi yangu akauliza kwa nini nimeificha, nikaishia kuiondoa. Halafu ikatokea siku binti yangu aliuliza kwa nini bahari ina chumvi. Tulitafuta kote, sandukuni na furushini. Kote tulikuta jibu la namna moja, kwamba Mungu ameiumba hivyo kwa hekima yake.

"Hilo najua," binti yangu alisema. "Mimi nauliza imekuwaje ikawa na chumvi."

Hapo ndipo tulipoamua. Dini watoto wetu walikuwa wanayo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa akija kumsomesha binti yangu Alhamisi na Jumamosi, na binti wa jirani alikuwa na kanisa lake Jumapili. Zile saa za barazani tungezitenga kwa elimu dunia, na vitabu vyake tungevitafuta visivyovuta upande wa yeyote. Sanduku na furushi tungerudisha kwa shukrani.

Tulimsahau mtu mmoja. Mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kutoka Kigombe baada ya kufiwa, alikuwa ndani akisikiliza. Alitoka na tasbihi mkononi, akaketi kwenye kiti chake.

"Yaani mwarudisha kitabu chenye jina la Mungu, mwabakiza cha nini? Cha pweza?"

"Mama, dini wanasomeshwa," nilisema. "Hizi saa ni za elimu dunia tu."

"Elimu isiyoanza na bismillahi ni ganda tupu. Ndani hamna kitu."

Jirani yangu alikuwa akimenya njegere, kichwa ameinamisha. Akasema taratibu:

"Basi mama, waanze. Wako aseme yake, wangu aseme yake. Halafu ndipo wafungue kitabu. Kitabu chenyewe ndicho kiwe cha pweza."

Mama mkwe akamgeukia. "Na huyo wako atasema ipi?"

"Ile aliyofundishwa kwao."

"Kwa sauti?"

"Ukitaka kimoyomoyo mama, atasema kimoyomoyo."

Bibi yule alivuta tasbihi punje kama tano hivi. "Kwa sauti," akasema. "Nami nisikie waombavyo."

Ikawa hivyo mwaka mzima. Dua mbili, kila moja kwa lugha yake, halafu kitabu.

Kutafuta ndiko kulikotufundisha. Tulikosea mara nyingi. Mume wangu aliweka kwenye simu programu ya masomo yenye katuni na nyota. Ukijibu sawa nyota inalia. Siku ya tatu nikagundua watoto wanabonyeza majibu yote manne kwa zamu mpaka nyota ilie, hata swali hawalisomi. Nilinunua kitabu cha sayansi cha Kiingereza chenye picha nzuri, tukakiacha kwa sababu kila sentensi ilibidi tuitafsiri, na tulipofika mwisho wa sentensi tulikuwa tumesahau mwanzo wake. Jirani yangu alileta kutoka kwa muuza vitabu vya mitumba kitabu cha jiografia cha zamani sana, ambamo nchi nyingine hata hazipo tena. Hicho, ajabu, walikipenda. Walikaa wakitafuta makosa yake kwa kulinganisha na ramani mpya, na kila wakikuta kosa walishangilia kama wamefunga bao.

Polepole tukapata kipimo chetu. Kabla ya kununua au kuazima kitabu, nilikuwa nawasomea kurasa tatu. Sikuwauliza kama wanakipenda, maana mtoto mwenye adabu atasema ndiyo. Nilitazama mikono yao. Wakianza kuchomoa ukili kwenye mkeka, kitabu hicho si chetu. Mmoja wao akinikatiza kwa swali kabla kurasa tatu hazijaisha, kinabaki.

Aliyetusaidia kuliko wote ni mkutubi wa maktaba ya mjini. Mwanzoni nilimwogopa, kwa kuwa nilidhani maktaba ni ya wanafunzi wenye sare. Aliniuliza watoto wana umri gani, wanaumwa nini, na jana waliuliza nini. Swali hilo la mwisho hakuwahi kuniuliza mtu.

"Jana waliuliza kuku anajuaje kwamba yai lina kifaranga," nilimwambia.

Aliinuka akaenda kwenye rafu za nyuma, akarudi na kijitabu cha wafugaji, kile ambacho mabwana mifugo huwapa wakulima. Karatasi yake ya kawaida, picha zake za kuchora kwa mkono.

"Hiki si cha watoto," nilisema.

"Kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kujua," alijibu. "Kajaribu."

Nilipowasomea barazani, sikufika hata ukurasa wa pili kabla hawajanikatiza. Kijitabu kilieleza kwamba ukilimulika yai gizani kwa tochi, siku ya saba, utaona mishipa kama mizizi myekundu. Yai lisilo na mbegu utaliona jeupe tupu. Watoto walitazamana. Kuku wa bibi alikuwa ameanza kuatamia wiki hiyohiyo.

Mama mkwe alikataa. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba kuku amwinue yeye mwenyewe. Siku ya saba, saa nne asubuhi, jirani yangu akiwa ameacha soko kwa siku hiyo, tuliingia wote stoo, tukaziba dirisha kwa blanketi. Binti yangu alikaa kwenye kiti na magongo yake pembeni, amekata tundu kwenye kadibodi, tochi ya simu nyuma yake. Mayai yalikuwa kumi na moja. Bibi alikuwa akimpa moja moja, na mwenzake anaandika.

Nimezaa, nimelea, nimepika mayai maisha yangu yote. Sikuwa nimewahi kuona kile nilichokiona mle stoo. Ndani ya ganda kulikuwa na mishipa, na katikati ya mishipa doa jeusi, na doa lile lilikuwa linacheza.

"Ni moyo?" binti wa jirani aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama mkwe alisema "Subhanallah", na nikamsikia mama wa Kilutheri nyuma yangu naye akisema la kwake.

Mayai mawili yalikuwa meupe. Waliyatia alama ya penseli wakaandika: mayai tisa yatatotolewa.

Siku mbili baadaye ikapiga radi. Ilikuwa masika, na hiyo ilikuwa radi ya kutikisa mabati. Mama mkwe alitoka ndani akitikisa kichwa.

"Basi tena. Mayai yakipigiwa na radi yanakuwa viza yote. Mama yangu kaniambia, na mama yake kamwambia."

Watoto walikuja kwangu mbio, mmoja kwa miguu, mwingine kwa magongo. Kijitabu hakikusema lolote kuhusu radi. Nilitaka kuwaambia waziwazi kwamba hizo ni imani za zamani, lakini nilimwona bibi ananitazama, na isitoshe mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Sijawahi kuchunguza.

"Andikeni," niliwaambia. "Bibi anasema hakuna hata moja. Nyie mnasema tisa. Tungojee."

Zile siku kumi na mbili zilikuwa ndefu kuliko mimba. Walisoma kijitabu chote mara mbili. Walijifunza kuzidisha na kugawanya kwa chakula cha kuku bila mtu kuwaambia kwamba hiyo ni hesabu. Waliuliza kuhusu radi, mkutubi akatutafutia kitabu kingine, na tukahesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo kila mvua iliponyesha. Siku ya ishirini na moja, asubuhi kabla jirani hajaenda sokoni, tulisikia milio chini ya kuku.

Vilikuwa vifaranga vinane.

Mama mkwe alichuchumaa akavihesabu kwa kidole. Tulikuwa tumesimama nyuma yake.

"Radi za siku hizi," alisema hatimaye, "hazina nguvu."

Jirani yangu ilibidi aondoke pale ili akacheke jikoni. Lakini watoto hawakucheka. Wao walikuwa na jambo jingine. Walitabiri tisa, wakapata nane. Yai moja lisilo na alama lilikuwa na kifaranga kilichofia ndani. Kwa nini? Kijitabu kilitaja sababu nyingi zinazowezekana. Walibishana asubuhi nzima, kisha binti yangu akaandika kwenye daftari neno ambalo sikuwahi kuliona kwenye vile vijitabu vya maswali na majibu: Hatujui.

Tangu siku hiyo bibi hakukaa tena ndani wakati wa masomo. Alileta kiti chake karibu, na akaanza kutoa yake. Yeye hasomi herufi za shuleni, lakini anasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kichwani mwake anayo hesabu yote ya maji, kwamba mwezi ukiwa na siku ngapi ni bamvua, bahari ikijaa na kupwa sana, na ukiwa na siku ngapi maji ni mafu, hayaendi mbali. Mkutubi alitupigia nakala ya jedwali la maji kujaa na kupwa. Wasichana walimhoji bibi siku kwa siku wakilinganisha. Hesabu hizo mbili zilipokubaliana, bibi aliinua nyusi akasema, "Hilo jedwali lenu lajua."

Nisiseme mwaka wote ulikuwa wa kicheko. Mwezi wa saba baridi ilipoingia, binti wa jirani alianza kuumwa mifupa, na safari hii haikuwa ya siku nne. Alilazwa. Siku ya tatu walimwongezea damu. Mama yake aliacha soko, akawa analala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe. Nilikuwa nikipeleka uji asubuhi na chakula mchana, na njiani kurudi nilikuwa nalia ili nisilie nyumbani.

Binti yangu alikataa kusoma.

"Nikisoma nitakuwa nimemtangulia," alisema. "Akirudi atakuta somo limempita tena."

Sikumlazimisha. Siku mbili alikaa barazani anatazama ua. Siku ya tatu aliniomba mabaki ya zile karatasi za kaki ninazokatia ruwaza za nguo. Akaomba nimsogeze kwenye cherehani. Alizipanga, akazikunja, akazishona katikati kwa uzi mwekundu, mshono umepinda huku na huku, ikawa kitabu. Alikiandika na kukichora siku nne. Kilikuwa kitabu cha yai: yai siku ya kwanza, yai siku ya saba na moyo wake, radi, bibi na kiti chake, vifaranga vinane vyote na rangi ya kila kimoja. Ukurasa wa mwisho alichora lile yai la tisa, chini yake akaandika: "Wewe unafikiri ilikuwaje? Andika hapa." Akaacha mistari.

Nilikipeleka hospitali. Mtoto alikuwa amenyong'onyea, macho ya manjano. Alikishika kwa mkono usio na mpira wa dripu. Alisoma ukurasa mmoja, akapumzika, akasoma mwingine. Alipofika kwenye picha ya bibi aliachia kicheko kidogo, cha kwanza kwa siku nyingi, na mama yake akageukia ukutani.

Nesi alikipenda, akauliza kama kinaweza kubaki wodini.

"Ni changu," mtoto alisema. "Lakini waje, nitawasomea."

Nilipokwenda kesho yake nilikuta watoto watatu wamepandishwa kitandani kwake, mmoja na bandeji kichwani, na mtoto wa nne kwenye kiti. Alikuwa akiwasomea kwa sauti dhaifu na kuwakatiza yeye mwenyewe kwa maswali. "Kabla sijafungua ukurasa, nani anajua ndani kuna nini?" Mikono yao ilikuwa imetulia kabisa.

Alitoka baada ya wiki mbili, amekonda, na ile mistari ya mwisho wa kitabu ameijaza. Sitasema aliandika nini. Ni mambo yao.

Mwezi wa kumi daktari alitazama picha ya mfupa, akaitazama tena, akasema, "Kanyaga." Binti yangu alikanyaga kwa woga, kisha bila woga, na Januari akapanda ngazi za shule kwa miguu yake, akichechemea kidogo. Kiingereza kilikuwa kimelala, hilo ni kosa letu, na ilibidi tukifanyie kazi mwaka mzima. Hesabu na sayansi alikuwa mbele ya darasa. Mwalimu wake aliniita mara moja kulalamika kwamba mtoto huyu, kila akiambiwa jambo, anauliza limejulikanaje. Niliomba radhi kwa mdomo tu. Upimaji aliufanya na akafaulu, na mwenzake vilevile. Shule ya huyo mwenzake ilikubali kwamba wiki za maumivu asomee nyumbani, mama yake apeleke daftari likasahihishwe.

Barazani hatujafunga. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Nguvumali na mtoto wa kiume wa miaka sita asiyesikia vizuri. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ninajua vitabu. Alitoa karatasi na kalamu.

"Nitajie tu dada, nikanunue vyote leo."

Nilimkaribisha maji. Nilimweleza kuhusu mkutubi, na kuhusu kurasa tatu, na kwamba asitazame jalada. Alikuwa akiandika, lakini nilimwona hajaridhika. Alitaka orodha, kama nilivyoitaka mimi. Wakati tunazungumza, mwanawe alikuwa ameteremka kwenye kizingiti akalala kifudifudi juu ya saruji. Sisimizi walikuwa wameligundua bawa la kumbikumbi na wanalivuta kuelekea ufa wa ukuta. Bawa lilikuwa kubwa kuliko ufa. Mtoto hakupepesa macho.

"Samahani, atachafua nguo," mama yake alisema, akiinuka kumwita.

"Mwache kwanza," nilimwambia. "Njoo tukae naye pale chini tuone wataliingizaje."